Mtani Asiye na Chumba

Mlango wa Jumba la Majina ulimfungia Odilo Ngonyani nje saa tatu na robo asubuhi, kwa kosa la kutoa pole.

Alikuwa amefika mapema, amevaa koti lake la msiba, akasimama kwenye ngazi kumsubiri Atilia Kihwele, ambaye baba yake, Mzee Vitalis wa Kihesa, alikuwa anazikwa alasiri ya siku hiyohiyo. Atilia alishuka kwenye gari macho yamevimba, khanga nyeusi mabegani. Odilo akainamisha kichwa kwa heshima zote, akasema:

"Pole sana, Mhehe. Nimesikia mzee katutoka. Mbwa wa Kihesa nzima jana wamelala usingizi mnono, mara ya kwanza kwa miaka themanini."

Atilia alicheka mpaka akashika nguzo. Machozi yalimtoka, ya kicheko na ya yale mengine, na kwa mara ya kwanza tangu simu ya hospitali alijisikia mtu. Alikuwa anafungua mdomo amjibu yule Mngoni anavyostahili, Msikizi wa mlangoni akamtangulia. Msikizi si mtu. Ni kisahani cha shaba kilichobandikwa juu ya fremu, chenye sauti nzuri kuliko watu wengi.

"Ndugu Odilo Ngonyani, umetamka dhara la daraja la nne mbele ya mfiwa. Milango ya umma haitakufungukia kwa siku tatu. Tunakutakia siku njema."

Kipuli kilichokuwa sikioni mwa Odilo, kama kile kinachovaliwa na kila mtu mjini Iringa ili Msikizi amsikie popote, kikawaka chekundu.

"Siku njema nikaifanyie wapi?" Odilo akakiuliza kisahani. Kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye ndiye fundi aliyekifunga pale, kwa bisibisi yake mwenyewe, Jumatatu asubuhi, na alikuwa amekifuta vumbi kwa upendo.

Atilia aliacha kucheka. "Siku tatu? Odilo, tunazika leo saa tisa."

"Najua. Na lango la makaburi lina Msikizi. Huyo naye nimemfunga mimi, kazi safi kabisa." Akakuna kidevu. "Mimi ni wa tisa, Atilia. Wale watani wanane waliokuja kwenu jana jioni hawakuondoka kwa kuchoka. Walifungiwa mmoja mmoja kabla ya chai. Wamelala kituoni, basi limekataa kuwafungulia."

Mzee Vitalis hakuwa na maombi mengi alipokuwa akifa. Alikuwa ameomba aletewe pombe ya ulanzi, akanyimwa na nesi. Akaomba redio, akaletewa. Ombi la tatu alimwambia bintiye akiwa amemshika mkono: asizikwe kimyakimya kama mzigo wa posta. Alitaka Mngoni aingie kaburini kabla yake, amtukane vizuri, watu wacheke. Atilia aliahidi, bila kujua kwamba ahadi hiyo alikwisha kuivunja yeye mwenyewe ofisini, kwa mwandiko mzuri, miaka mingi nyuma.

*

Jumba la Majina lipo kilimani Gangilonga, na kazi yake ilikuwa moja tu kwa miaka kumi na miwili: kuijenga lugha inayoitwa Kipambanuo.

Lugha nyingine zimeokota maneno njiani. Kipambanuo kilipangwa kama ghala. Walioanzisha waligawa kila kilichopo duniani katika nyumba arobaini, kila nyumba ikawa na vyumba, kila chumba na rafu, na neno likawa anwani tu ya mahali kitu kilipowekwa. Ukitamka *ze* umeingia Nyumba ya Wanyama. *Zedo*, umefika chumba cha wafugwao. *Zedoki*, umegusa rafu ya mbwa. Hakuna kukariri wala kubahatisha. Anayeijua ramani ya nyumba anaielewa lugha nzima, na ndiyo maana mashine ziliipenda kuliko watu walivyoipenda. Wasikizi hawakujua Kiswahili wala Kihehe. Walichukua unachosema, wakakitafutia anwani, wakatazama kimeangukia nyumba gani. Ukiomba dawa unapewa dawa hiyohiyo. Tangu Wasikizi waingie hospitalini hakuna mgonjwa aliyepewa chupa ya mwenzake, na watu wa Iringa, ambao si wepesi wa kusifia, walisifia.

Kisha wakubwa wakaona kwamba mashine inayojua dawa inaweza pia kujua tusi. Kwa mwaka mzima Wasikizi walionya tu. Jumatatu iliyopita walianza kufunga milango.

Atilia alikuwa mlezi wa Nyumba ya Maneno, ile inayohifadhi yote ambayo mtu anaweza kumfanyia mwenzake kwa ulimi. Alikuja asubuhi hiyo ya msiba kwa nusu saa tu, kuweka dole gumba. Saa sita mchana walezi wote arobaini wangeweka madole yao na kamusi ingetiwa muhuri, isiguswe kwa miaka kumi, ili Wasikizi wa miji yote wawe na akili moja.

Aliketi mezani bila kuvua khanga, akaufungua ukurasa wa Madhara, akatafuta "mla mbwa", neno ambalo Wangoni huwaita Wahehe. Lilikuwepo. Daraja la nne, na chini yake kumbukumbu ya ushahidi: fomu elfu kumi na nne kutoka Songea.

Hapo akakumbuka, akajipiga kofi la paji la uso.

Miaka tisa nyuma alituma fomu nchi nzima yenye swali moja la maana: *Andika maneno yanayotumiwa kuwaumiza watu wa kabila jingine.* Mikoa mingine ilirudisha fomu chache, zimejazwa kwa aibu. Songea zilirudi magunia. Wangoni walipoona serikali imewaletea karatasi ya bure ya kuwasema Wahehe, tena na bahasha iliyokwisha kulipiwa stempu, walishindwa kujizuia. Walijaza wazee, walijaza masista, lilijaza darasa zima la ufundi. Odilo peke yake alijaza tisa, moja akaichora na picha. Na Atilia, binti wa Kihwele, aliyekua akiyasikia maneno yale kila harusi na kila msiba, aliyachukua kwa mikono miwili, akayapanga kwenye rafu ya sumu. Alikuwa kijana, alikuwa na bidii, na fomu ilikuwa fomu.

Katika nyumba arobaini za ulimwengu, utani haukuwa na hata chumba kimoja.

"Kamwene, mwanangu. Pole na msiba."

Aliyeingia ni mama Skolastika, mfagiaji wa ghorofa ile, mwenye mguu mmoja mfupi na ufagio mrefu. Atilia akasimama kumpokea.

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Usinyanyuke, nafagia hukohuko. Tangu Jumatatu nafagia kwa raha sana, hata sikufichi." Akashusha sauti, ingawa alikuwa anatabasamu. "Si unamjua msimamizi wetu? Miaka sita ananiita Kigoda cha Miguu Mitatu. Nikinuna, anasema, 'Mbona unakasirika, mama, nakutania tu.' Jumatatu kanianza, milango ikamfungia chooni. Chooni, mwanangu! Sasa ananiamkia."

Atilia alicheka kwa sababu haikuwezekana kutocheka. Lakini kidole chake kilikuwa tayari juu ya Nyumba ya Michezo. Alikuwa amekwisha kuliona suluhisho: kuutengenezea utani chumba huko, kati ya vitendawili na nyimbo za kubembea, milango imfungukie Odilo, baba azikwe anavyotaka. Ingemchukua dakika kumi. Na katika dakika ya kumi na moja msimamizi naye angeingia chumba hichohicho, akasema natania tu, na Kipambanuo kingemuunga mkono, kwa muhuri, kwa miaka kumi.

Alimtazama mama Skolastika anavyousukuma ufagio kwa furaha. Akauona na uso wa baba yake, na redio ile ndogo.

*

Profesa Shekiondo, mkuu wa Jumba, alikuwa Msambaa mwembamba aliyependa kila kitu kiwe mahali pake, mpaka kalamu zake alizipanga kwa urefu. Alimpokea Atilia kwa pole ndefu ya dhati, akamsikiliza, akaangalia saa. Ilikuwa saa tano kasoro.

"Michezo," alisema. "Weka Michezo, na orodha ya makabila ya utani. Mhehe na Mngoni, ruksa. Msambaa na Mzigua, ruksa. Wengine, dhara. Safi."

"Na Mngoni mwenye chuki ya kweli na Mhehe?"

"Weka na kiwango. Maneno matano kwa siku."

"Profesa, hebu mfikirie mtani anayehesabu maneno."

Profesa alijaribu kumfikiria, akashindwa, akapangusa miwani. "Basi rudisha Madhara. Samahani, binti yangu, najua ni leo. Lakini afadhali Mngoni mmoja akose maziko kuliko mama yule arudishiwe mateso yake."

Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipokuwa, maana alisema kweli, na Atilia aliujua ukweli huo kabla hajaambiwa. Kama angechagua Michezo angekuwa amemnunulia baba yake maziko kwa heshima ya mama mfagiaji. Kama angechagua Madhara, angekuwa mwaminifu sana, na baba angezikwa kama mzigo wa posta, na si baba yake tu. Alichungulia mlangoni.

"Mama Skolastika! Njoo kidogo, tafadhali."

Mama akaja na ufagio wake, akasimama kwenye zulia la mkubwa bila wasiwasi.

"Mama, wewe una watani?"

"Ninao. Shemeji yangu mmoja, Mungu amlaze, alikuwa ananiita pikipiki mbovu. Nilikuwa namsubiri aje." Akacheka peke yake.

"Na msimamizi anakuita kigoda. Tofauti yake nini? Profesa anataka kujua."

"Shemeji alikuwa ananitania. Huyu ananidhihaki."

"Lakini maneno yanafanana," Profesa akasema kwa upole. "Mashine itajuaje?"

Mama Skolastika alimtazama kama anavyomtazama mtu anayekanyaga sehemu iliyopigwa deki. "Mashine haiwezi kujua, baba. Hata wewe huwezi. Anayejua ni mimi niliyeambiwa. Si mniulize?"

Profesa akainyoosha kalamu iliyokwisha kunyooka.

"Tuache chumba kitupu," Atilia alisema polepole. Wazo lilikuwa linakuja huku akilitamka. "Katika Nyumba ya Maneno. Hakina jina, hakina rafu. Neno likiweza kuwa dhara na likiweza kuwa utani, Msikizi asilipe anwani. Amuulize aliyeambiwa, sikioni, peke yake, msemaji asisikie: hii ni nini? Akisema dhara, afunge. Akisema si dhara, apishe."

"Atilia." Profesa alikuwa amesimama. "Miaka kumi na miwili tunawaambia watu kwamba katika lugha hii hakuna atakayelazimika kumuuliza mwenzake ana maana gani. Ndiyo fahari yetu yote. Wewe unataka nitie muhuri lugha inayouliza?"

"Ndiyo, Profesa."

"Na nikimwogopa?" Aliyeuliza ni mama Skolastika. Tabasamu lilikuwa limemtoka. "Msimamizi atajua ni mimi niliyemfungia. Nikiogopa, nikajibu si dhara?"

Atilia aliona aibu kumdanganya. "Hapo sina dawa, mama. Chumba kile hakitakulinda kama Jumatatu ilivyokulinda. Ukisema hukitaki, nakifuta."

Mama aliegemea ufagio akafikiri, na hao wasomi wawili wakamsubiri. Nje, kwenye ngazi, Odilo alisikika akimwimbia Msikizi wimbo wa kumbembeleza.

"Miaka sita hakuna aliyeniuliza," mama Skolastika alisema mwishowe. "Acha niulizwe. Kuogopa nitaogopa, lakini nimemwona akitoka chooni yule. Haogopeshi kama zamani."

Profesa alikaa tena. Alichukua kalamu ndefu kuliko zote, akairudisha si mahali pake, akasema kana kwamba anajisemea, "Siku ya harusi yangu Wazigua walinimwagia unga, suti mpya, mbele ya mkwe. Niliwapenda sana siku ile." Kisha akakohoa, akawa mkubwa tena. "Wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kuulizwa. Na ukiulizwa, ujibu kweli. Usije ukajibu unavyotaka iwe."

"Nitajibu kweli."

Aliandika kwa haraka, jasho likimtoka kwenye baridi ya Iringa. Hukumu zote za tangu Jumatatu zisikilizwe upya, hilo aliliandika. Aliyeambiwa asipojibu mpaka jua kutua, mlango usifungwe, akaandika. Zilipobaki dakika mbili alijiuliza Msikizi afanye nini akipewa jibu asilolielewa, na kwa kuwa hapakuwa na muda wa jambo la maana, aliandika: *Anyamaze.* Akaweka dole gumba.

Saa sita na dakika moja sauti nzuri ilimnong'oneza sikioni. "Asubuhi uliambiwa habari ya mbwa wa Kihesa. Hii ni nini?"

"Si dhara," Atilia alisema, na kutoka chini ngazini akasikia mtu anashangilia. Wakati huohuo huko msibani shangazi zake waliulizwa mara nane, na inasemekana mmoja alijibu si dhara lakini mfungieni hivyohivyo mpaka amalize kuosha vyombo.

*

Saa tisa Odilo Ngonyani aliruka ndani ya kaburi la Mzee Vitalis akiwa amevaa kofia ya pama ya marehemu, akakunja mikono, akakataa kutoka.

"Huyu haingii!" alipiga kelele kutoka chini. "Ardhi hii imekataa. Imesema ilikwisha kupokea Wahehe wa kutosha, inaumwa tumbo!"

Watani wanane waliokuwa juu wakaitikia. Mmoja alikuwa amejifunga khanga ya shangazi akilia kwa sauti ya shangazi huyohuyo, tena vizuri kuliko mwenyewe. Padri alijificha uso kwa kitabu, mabega yakimtikisika. Vipuli viliulizauliza masikioni mwa ukoo mzima, na ukoo mzima ulikuwa unajibu huku umeshika mbavu. Atilia alilitazama jeneza, akaona raha iliyomshangaza. Ahadi imetimia, alijiambia.

"Na mnajua kwa nini namdai kofia hii?" Odilo aliendelea, akiigonga kichwani. "Nimeifanyia kazi! Kila Jumapili mzee huyu alinipigia simu mimi. Mimi, Mngoni! Saa nzima ananisimulia habari za redio. Kwa nini? Kwa sababu binti yake alikuwa kilimani Gangilonga anawatafutia majina kunguni!"

Watu walicheka, kisha kicheko kikapungua, kikaisha. Odilo mwenyewe alisimama kaburini mdomo wazi, kama mtu aliyesikia maneno yake baada ya kuyatoa.

Atilia hakuwa anajua kuhusu zile Jumapili. Alikuwa amejiambia kila wiki kwamba atapiga wiki ijayo, nyumba ikikamilika, rafu ikijaa. Neno lile lilimchoma chini kabisa, mahali ambapo pole zote za msiba hazikuwa zimefika.

"Hii ni nini?" Msikizi akauliza sikioni.

Aliulizwa kweli, naye alikuwa ameahidi kujibu kweli. Angeweza kusema si dhara, na ungekuwa uongo wa kwanza kutiwa katika chumba kile. Angeweza kusema dhara, na kipuli cha yule mtu mwenye kofia ya baba yake kingewaka chekundu mbele ya kaburi, kwa sababu alipokea simu ambazo zingekuwa zake Atilia.

"Imeniuma," alisema kwa sauti, watu wote wakamgeukia. "Imeniuma sana. Msimfungie."

"Dhara, au si dhara?"

"Imeniuma, na msimfungie. Yote mawili."

Msikizi akanyamaza.

Atilia alisubiri kidogo, akaona hakuna lingine litakaloulizwa. Basi akasogea ukingoni, akapiga magoti kwenye udongo mwekundu, akanyoosha mkono. Odilo aliushika. Macho yake yalikuwa yamejaa maji na hakujua ayafanyeje.

"Atilia," alianza kwa sauti ndogo, "sikukusudia..."

"Panda juu, Mngoni mla panya we," Atilia alimwambia, akimvuta, kamasi na machozi vikimchuruzika bila aibu. "Baba yangu hajazoea kulala na mtu anayenuka ghala la mahindi."

Kihesa nzima ililipuka. Padri aliachia kitabu. Odilo alikuwa nusu juu nusu chini, tumbo limekwama ukingoni, pale kipuli chake mwenyewe kilipomnong'oneza swali lilelile, na kila mtu aliona anavyotulia kusikiliza.

"Hii?" alisema, akiangalia ule mkono ulioshika wake. "Hii ni asante."